Bendi ya MTCO1 haitokei kwenye bloti ya OXPHOS, nyingine nne zipo

Njia_ya_Saba:

Wakuu, habari za kazi. Nafanya Western bloti (protini zinatenganishwa kwa uzito kwenye jeli, zinahamishiwa kwenye utando na kutambuliwa kwa kingamwili). Natumia ule mchanganyiko wa kingamwili tano za OXPHOS (kompleksi tano za mitokondria zinazotengeneza nishati) uliotengenezwa kwa ajili ya panya, yaani NDUFB8 ya kompleksi I, SDHB ya II, UQCRC2 ya III, MTCO1 ya IV na ATP5A ya V. Tishu ni moyo na ini la panya mdogo wa maabara.

Bendi nne zinatokea. ATP5A kwenye 55 kDa (kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini) ni nyeusi mno, UQCRC2 kwenye 48 iko vizuri, SDHB kwenye 30 iko vizuri, NDUFB8 kwenye 20 ni hafifu. Pale kwenye 40 panapotakiwa kuwa na MTCO1 ni peupe kabisa, moyo na ini vilevile. Kwenye ini kuna kero ya pili: ukungu mpana kwenye 50 hivi na bendi nyingine kwenye 25 ambayo haimo kwenye karatasi ya kingamwili.

Utaratibu: tishu zilizogandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, zikasagwa ndani ya RIPA (bafa ya kupasua seli) yenye vizuizi vya protiesi (vimeng'enya vinavyokata protini). Sentrifuji g 14,000 dakika 15 kwenye nyuzi 4. Protini nimepima kwa BCA, nimepakia maikrogramu 25 kila kisima. Bafa ya Laemmli (ya kuandaa sampuli za jeli) yenye DTT (inayovunja vifungo vya salfa vya protini), nyuzi 95 kwa dakika 5. Jeli ya 12%, utando wa PVDF wa matundu ya maikromita 0.45, bafa ya Towbin yenye methanoli 20%, volti 100 kwa saa moja. Maziwa 5% saa moja, kingamwili ya kwanza 1:250 usiku kucha kwenye nyuzi 4, ya pili ni ya mbuzi dhidi ya panya yenye HRP (kimeng'enya kinachoifanya bendi iwake), 1:5,000.

Chupa mpya ya toleo jingine imeleta picha ileile. Je, kingamwili ya MTCO1 ndiyo imeharibika ndani ya mchanganyiko? Nimeshauriwa nipandishe hadi 1:100. Halafu, beta-aktini inafaa kuwa kilinganishi cha upakiaji hapa (protini ya kuonyesha kwamba visima vyote vimepakiwa sawa)?

---

Mabonge_Juu:

Usipandishe kingamwili. Utamaliza chupa na pale kwenye 40 pataendelea kuwa peupe. Kosa liko kwenye sentensi yako moja: nyuzi 95 kwa dakika 5.

MTCO1 si protini ya kawaida. Inatengenezwa ndani ya mitokondria yenyewe kutoka kwenye DNA ya mitokondria, ina amino asidi 513 hivi na inapita kwenye utando wa ndani mara 12. Karibu mwili wake wote ni vipande vinavyokimbia maji. Ukiipasha hadi 95, vipande hivyo vinafunguka kwa kasi na kushikana vyenyewe kwa vyenyewe kabla SDS (sabuni iliyomo kwenye Laemmli) haijavifunika. Yanatokea mabonge makubwa yasiyoweza kuingia kwenye jeli. NDUFB8, SDHB, UQCRC2 na ATP5A ama hazipiti kwenye utando kabisa ama zinapita mara moja tu, kwa hiyo zinavumilia kuchemshwa. Ndiyo maana unapata nne na kukosa moja, na ndiyo maana chupa mpya haikubadilisha kitu.

Ukitaka ushahidi kabla ya kurudia sampuli, endesha jeli moja ya hizo ulizokwisha kuchemsha, lakini usikate na kutupa ile jeli ya juu yenye visima. Ihamishe pamoja na jeli ya chini kwenye utando uleule. MTCO1 iliyochemshwa mara nyingi utaikuta imekaa chini ya kisima, au kwenye mpaka wa jeli mbili, kama doa au mchirizi.

Sampuli iliyochemshwa hairudi. Kuipoza, kuongeza SDS, kuongeza DTT au kuipitisha kwenye soniketa hakufungui mabonge hayo. Rudi kwenye mchuzi wa RIPA ambao bado hujauchanganya na Laemmli, kama umebaki.

Fanya hivi. Changanya sampuli na Laemmli ili mwisho wake iwe SDS 2%, Tris-HCl milimola 62.5 ya pH 6.8, gliseroli 10% na DTT milimola 50. Pasha kwenye nyuzi 50 kwa dakika 5, basi. Baada ya hapo usiirudishe kwenye barafu! SDS huganda kwenye baridi, utaona unga mweupe chini ya tyubu, na SDS iliyoganda haishiki protini. Iache kwenye joto la chumba na pakia ndani ya nusu saa. Ikibidi kuhifadhi, weka kwenye friza ikiwa imekwisha gawanywa kidogokidogo, na siku ya kuitumia ipashe tena hadi 37 tu mpaka iwe angavu.

Kingine, usishangae MTCO1 ikisimama kwenye 35 hadi 40 wakati uzito wake kwa hesabu ya amino asidi ni karibu kDa 57. Protini ya kawaida hubeba takriban gramu 1.4 za SDS kwa kila gramu yake. Protini za utando zilizojaa vipande vinavyokimbia maji hubeba zaidi ya hapo, tena hazinyooki kikamilifu, kwa hiyo hukimbia kwenye jeli kuliko uzito wao unavyoruhusu. Wapo wanaotafuta bendi kwenye 57, wanakuta ATP5A imekaa jirani kwenye 55, wanaandika kwamba MTCO1 imepatikana. Hilo ni kosa baya, maana bendi hiyo itawapa jibu la kompleksi V wakati wao wanaripoti kompleksi IV.

---

Sindano25:

Naungana na Mabonge_Juu kuhusu chanzo, ila kwenye joto mimi ningeshuka zaidi: nyuzi 37 kwa dakika 30. Ile 50 inafanya kazi kwenye mitokondria iliyotengwa, ambayo ni safi na nyepesi. Kwenye tishu nzima, hasa moyo, bloku za kupashia nyingi hazisomi sawasawa. Ukiweka 50, tyubu ya pembeni inaweza kuwa 46 na ya katikati 54. Kwenye 37 mtelezo huo hauna madhara. Ukiwa na bloku unayoiamini, 50 kwa dakika 5 ni sawa.

Kuacha kuchemsha kuna gharama zake mbili ambazo hazijatajwa.

Ya kwanza ni DNA. Kwenye 95 mnato wa DNA ya kiini hupungua. Kwenye 37 utakuta sampuli ya ini inavutika kama ute wa bamia, inakataa kutoka kwenye pipeti, inainuka kutoka kisimani na kumwagikia kisima cha jirani. Bendi zinapinda na zinapishana upana. Ipitishe mchuzi wa RIPA kwenye sindano ya geji 25 mara 10, kisha geji 27 mara 10, au soniketa mapigo mafupi ya sekunde 5 mara tatu huku tyubu imekaa kwenye barafu. Fanya hivyo KABLA ya sentrifuji na kabla ya kuongeza Laemmli. Ukipiga soniketa yenye SDS nyingi utapata povu tu.

Ya pili ni protiesi. Kuchemsha huziua. Usipochemsha, baadhi yake huendelea kula sampuli ndani ya Laemmli wakati umeiacha kwenye joto la chumba. Ini lina protiesi nyingi kuliko moyo. Vizuizi viwe vibichi, PMSF (kizuizi cha protiesi) iongezwe dakika ileile unayosaga (milimola 1, kwa sababu kwenye maji hufa upesi), na usiache sampuli mezani saa mbili ukisubiri jeli igande. Mimina jeli kwanza, ndipo utoe sampuli.

Halafu kuna hili la sentrifuji: ukisaga moyo kidogo kisha ukazungusha g 14,000, mitokondria zilizonaswa kati ya nyuzi za misuli zinashuka pamoja na mashapo na unazitupa. Baada ya kusaga acha tyubu kwenye barafu dakika 20 hadi 30, ukiitikisa mara kwa mara, RIPA ipate nafasi ya kufungua utando wa ndani. Kisha chukua mashapo uliyozoea kutupa, yayeyushe kwenye SDS 2% na uyapakie njia moja pembeni. Ukiona humo OXPHOS nyingi, ujue usagaji ndio tatizo lako la pili.

Na NDUFB8 yako hafifu haina uhusiano na joto. Ni kDa 20, utando wa 0.45 unaipitisha hadi upande wa pili. Nunua PVDF ya 0.2.

---

Mnyororo_Mzito:

Mimi nijibu kuhusu zile bendi za 50 na 25 kwenye ini, kwa sababu hizo haziondoki hata ukitengeneza joto.

Kingamwili zote tano ni za panya. Tishu yako ni ya panya. Kingamwili ya pili inatafuta IgG (kingamwili ya kawaida ya damu) ya panya popote ilipo, na ini lisilosafishwa damu limejaa IgG ya panya mwenyewe. Ndani ya Laemmli yenye DTT, IgG hiyo inavunjika kuwa mnyororo mzito wa takriban 50 na mnyororo mwepesi wa takriban 25. Ndizo unazoziona. Moyo unakuonyesha kidogo kwa sababu ya kiasi cha damu kilichobaki, siyo kwamba moyo hauna.

Hatari yake si uchafu wa picha tu. Mnyororo mzito unaangukia katikati ya UQCRC2 ya 48 na ATP5A ya 55. Ukipima weusi wa UQCRC2 kwenye ini, umepima na damu. Panya mwenye uvimbe au maambukizi ana IgG nyingi zaidi, basi kompleksi III itaonekana "imepanda" kwa mgonjwa bila kompleksi III yenyewe kubadilika. Kwa hiyo namba za UQCRC2 kutoka kwenye ini ulizonazo sasa usizitumie.

Thibitisha kwanza: kata kipande cha utando chenye njia moja ya ini na moja ya moyo, kipitishe hatua zote lakini ruka kingamwili ya kwanza. Chochote kinachowaka hapo kimetokana na kingamwili ya pili peke yake.

Tiba bora ni kuosha damu kabla ya kutoa tishu. PBS baridi yenye heparini kupitia ventrikali ya kushoto, atriamu ya kulia ikatwe itoe maji, endelea mpaka ini ligeuke kutoka wekundu hadi rangi ya udongo mkavu. Kama tishu zilikwisha gandishwa na hutapata nyingine, una njia mbili.

Moja ni kutenga mitokondria. Saga kwenye sukrosi milimola 250, Tris milimola 10, EGTA milimola 1, pH 7.4. Zungusha g 600 dakika 10 utupe viini na seli nzima, kisha chukua maji ya juu uzungushe g 8,000 dakika 10. Kinachokaa chini ni mitokondria, kioshe mara mbili na IgG nyingi inaondoka. Ujue lakini kwamba tishu iliyogandishwa ina mitokondria zilizopasuka. Kwa bloti zinatosha kwa sababu protini hizi ziko kwenye utando wa ndani, kwa kupima upumuaji hazifai. Ujue pia kwamba ukitenga mitokondria umepoteza swali la "tishu hii ina mitokondria kiasi gani". Unabaki na swali la "ndani ya kila mitokondria kuna nini".

Nyingine ni kubadilisha kingamwili ya pili uchukue inayotambua mnyororo mwepesi peke yake. Ukungu wa 50 unatoweka, bendi ya 25 inabaki, lakini kwenye jeli ya 12% iliyokimbia vizuri 25 inakaa peke yake kati ya NDUFB8 na SDHB.

---

Njia_ya_Saba:

Asanteni sana wakuu. Nimeendesha jeli yenye sampuli ileile ya moyo katika njia nne: nyuzi 95 dakika 5, 50 dakika 5, 37 dakika 30, na joto la chumba dakika 30. PVDF ya 0.2, na jeli ya juu nimeihamisha pamoja.

MTCO1 iko! Kwenye 37 na 50 ni sawa kwa macho, iko chini kidogo ya alama ya 40. Joto la chumba ipo ila ina mkia juu yake. Kwenye 95 pale kwenye 40 ni peupe na kuna doa chini ya kisima. NDUFB8 imepata nguvu.

Kipande kisicho na kingamwili ya kwanza: 50 na 25 zimewaka kwenye ini, moyo hafifu. Nimeziweka kando namba za UQCRC2 za ini.

Bado sijapata jibu la beta-aktini. Na ATP5A inaungua kabla NDUFB8 haijaonekana vizuri.

---

Ngazi_ya_Kilodaltoni:

Mkia kwenye joto la chumba ni MTCO1 ambayo haijafunguka yote. Shika 37.

Kuhusu beta-aktini, panga uzito wa vitu vyako ndipo utaona shida. Una bendi kwenye 20, 30, 40, 48 na 55. Beta-aktini ni 42, inakaa katikati ya MTCO1 na UQCRC2. GAPDH ni 36, inagusa MTCO1 kwa chini. Tubulini ni 50 hadi 55, iko juu ya ATP5A. VDAC1 ni 31, iko juu ya SDHB. HSP60 iko juu kidogo tu ya ATP5A. COX IV na TOM20 ziko chini, karibu na NDUFB8. Yaani karibu kila kilinganishi kilichozoeleka kinagongana na mmojawapo wa watano.

Kuvua utando kingamwili kwa ajili ya kuweka aktini nako kunaondoa sehemu ya protini, na haiondoi kwa usawa. Zaidi ya hapo moyo na ini havina aktini ya beta sawa, kwa hiyo kulinganisha tishu mbili kwa kigezo hicho kuna kasoro tangu mwanzo.

Tumia vinkulini. Iko karibu na 117, juu ya zote. Kata utando kwenye alama ya 70 kabla ya kingamwili: kipande cha juu vinkulini, cha chini OXPHOS. Na kabla ya kukata paka rangi ya Ponceau S (0.1% ndani ya asidi ya asetiki 5%) dakika 5, osha kwa maji mpaka nyuma pawe peupe, piga picha. Picha hiyo ya protini zote ndiyo ningeiweka kwenye makala. Ponceau inatoka kwa TBST (bafa ya kuoshea utando) dakika chache na haizuii kingamwili.

Neno moja kwa wanaotumia COX IV, VDAC1 au TOM20 (protini za mitokondria) kama vilinganishi: hivyo vinajibu swali la "kwa kila mitokondria". Kama dawa unayojaribu inaongeza mitokondria zenyewe, ukigawanya kwa VDAC1 utafuta ongezeko lote na kuandika kwamba dawa haikufanya kitu. Amua swali kwanza ndipo uchague kigawanyio.

Sasa ATP5A kuungua. Maikrogramu 25 za moyo ni nyingi mno, moyo umejaa mitokondria. Pakia mfululizo wa 2.5, 5, 10 na 20 kutoka sampuli moja, pima weusi wa kila bendi, chora mstari. ATP5A ya moyo itaacha kunyooka mapema, pengine kwenye 5 au 10, wakati NDUFB8 bado inapanda vizuri hadi 20. Hakuna picha moja itakayowatosha wote watano. Piga sekunde 5, 15, 30, 90, na kila bendi uipime kwenye picha ambayo kamera haijaonyesha alama ya kujaa. Ila linganisha bendi na bendi yake tu: SDHB ya mgonjwa na SDHB ya mzima, kwenye utando uleule, kwenye picha ileile. Kusema "kompleksi V ni nyingi kuliko I" kwa kuangalia weusi wa mchanganyiko huu hakuna maana yoyote, kila kingamwili ina nguvu yake ya kushika.

Kama ATP5A bado inakusumbua, nunua moja moja badala ya mchanganyiko. Angalia namba ya kloni (ukoo wa seli unaotengeneza kingamwili), majina ya jeni yamebadilika (ATP5A sasa inaandikwa ATP5F1A) lakini kloni haibadiliki: 15H4C4 ni ya ATP5A, 1D6E1A8 ni ya MTCO1.

---

Ribosomu_ya_Ndani:

Kuna jambo ambalo halijaguswa na kwangu ni kubwa: mmejuaje kwamba bendi iliyo chini ya 40 ni MTCO1? Kutokea mahali panapotarajiwa ni dalili nzuri, lakini si uthibitisho.

Kwa protini za kawaida tungefuta jeni kwa CRISPR (zana ya kukata DNA) tuone bendi inatoweka. Hapa haiwezekani kwa njia hiyo, kwa sababu jeni ya MTCO1 iko kwenye DNA ya mitokondria na RNA elekezi haiingii humo kwa namna ya kutegemewa. Lakini iko njia rahisi na ya bei ndogo: kloramfenikoli, ambayo ni antibayotiki. Ribosomu za mitokondria zimefanana na za bakteria, kwa hiyo dawa hii inazizuia bila kuzigusa ribosomu za nje.

Chukua seli za panya, C2C12 (za misuli) zinatosha. Weka kloramfenikoli maikrogramu 40 kwa mililita moja ya chakula cha seli kwa siku 4 hadi 5, badilisha chakula kila baada ya siku mbili. Ongeza uridini maikrogramu 50 kwa mililita na piruvati milimola 1, maana seli zinapopoteza mnyororo wa elektroni haziwezi kujitengenezea pirimidini vizuri. Dawa inayeyushwa kwenye ethanoli, basi seli za kulinganisha nazo ziwekewe ethanoli kiasi kilekile. Usikate siku: MTCO1 iliyokwisha tengenezwa haitoweki kesho yake, inapungua kadiri seli zinavyogawanyika.

Matarajio ni haya. MTCO1 inashuka sana. NDUFB8 nayo inashuka ingawa jeni yake iko kwenye kiini, kwa sababu kompleksi I inahitaji vijenzi 7 kutoka DNA ya mitokondria na NDUFB8 isipopata mahali pa kukaa inavunjwa. SDHB inabaki palepale, kompleksi II haina hata kijenzi kimoja kinachotoka kwenye DNA ya mitokondria. ATP5A inabaki kwa sehemu kubwa. Mpangilio huo wa kushuka na kubaki ndio utakaokuambia kwamba kila bendi ni ya mwenyewe. Ikishuka na SDHB, seli zako zinakufa, siyo kwamba dawa inafanya kazi.

Walio na seli za rho sifuri, zile zisizo na DNA ya mitokondria kabisa kama walizoeleza King na Attardi mwaka 1989, wanaweza kuzitumia kwa mchanganyiko wa binadamu. Lakini kumbuka mchanganyiko wa binadamu kwa kompleksi IV hutumia COX II badala ya MTCO1, na hiyo inakaa karibu na NDUFB8 huko chini. Ukihama kutoka panya kwenda binadamu usitafute 40.

Na tafadhali, bendi hizi ni kiasi cha protini, basi. Hazisemi kompleksi inafanya kazi. Kompleksi IV inapimwa kwa kuangalia saitokromu c iliyopewa elektroni ikioksidishwa, kwenye nanomita 550. Sitreti sinthesi, kimeng'enya kinachotumika kukadiria wingi wa mitokondria, inapimwa kwa kitendanishi cha rangi DTNB kwenye 412. Vipimo vyote viwili vinafanyika kwenye spektrofotomita ya kawaida, na huwezi kuandika "upungufu wa kompleksi IV" kwa kutumia bloti peke yake.

---

Kioo_cha_Slaidi:

Samahani kuingilia, mchanganyiko huu unaweza kutumika kwenye hadubini ya mwangaza kuonyesha mitokondria?

---

Sindano25:

Hapana. Zote tano zitawaka mahali pamoja, hutajua unaona ipi, wala huna uzito wa kutofautisha kama kwenye jeli. Kwa umbo la mtandao wa mitokondria chukua TOM20 ya sungura, iko utando wa nje na inashika vizuri hata baada ya formaldehidi.

Kinachoharibu picha nyingi ni fiksi (dawa ya kuhifadhi umbo la seli) ya baridi. Paraformaldehidi 4% iwe na joto la 37, iingie moja kwa moja kwenye seli zilizotoka tu kwenye inkubeta, dakika 15. Ukiweka ya baridi mitokondria zinakatika vipande na utadhani ni ugonjwa. Kisha Triton X-100 0.1% kwa dakika 10, seramu ya mbuzi 5% nusu saa, TOM20 usiku kucha. Slaidi moja iwe na kingamwili ya pili peke yake.

---

Njia_ya_Saba:

Naagiza vinkulini na kloni 1D6E1A8 peke yake, na C2C12 zinaanza kloramfenikoli Jumatatu. Swali la mwisho kwa Ngazi_ya_Kilodaltoni: kingamwili iliyotumika mara moja naweza kuihifadhi na kuitumia tena?

---

Ngazi_ya_Kilodaltoni:

Mara mbili au tatu inakubali kwa bendi zenye nguvu, ila NDUFB8 ndiyo itakayochoka kwanza, kwa hiyo usichanganye kwenye hesabu moja tando za mara ya kwanza na za mara ya tatu. Izimue kwenye BSA (albumini ya ng'ombe) badala ya maziwa, maziwa yanachacha hata kwenye nyuzi 4. Sodiamu azidi 0.02% inaruhusiwa kwenye kingamwili ya kwanza tu. Ikifika kwenye ya pili inaua HRP na utapata utando mweupe wote, kwa hiyo osha TBST mara tatu dakika 10 kila moja katikati. Andika tarehe na namba ya matumizi kwenye tyubu. Chupa mama ihifadhi kama karatasi yake inavyosema: ikisema isigandishwe, ikae nyuzi 4 na siyo kwenye mlango wa jokofu, pale joto hupanda kila mlango unapofunguliwa.